Twiga wa Mgongo Mweusi: kwa Wanaoanza Kupaka Rangi Vinyago

Meza ya rangi imejaa tena twiga wa mjakaranda wenye shingo za rangi ya asali na migongo kama masizi. Kila kundi jipya, twiga walewale. Haya vijana, sogeeni.

1. Rangi ya mafuta iacheni kwenye mageti. Inakaa juu ya mti na kuziba vinyweleo. Mkitaka mistari ya mti ionekane, tumieni rangi ya unga ya mbao, ile ya kuyeyusha kwa maji: anzeni na nusu kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji ya moto, ipoe, mchuje.

2. Msasa 80, 120, 180 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi), mkifuata nyuzi za mti. Ukiruka 120, mikwaruzo ya 80 itajificha hadi rangi iingie, ndipo ikuumbue. Kisha lowesheni kinyago, kikauke, vinywele vya mti vikisimama pitisheni 240 kwa mkono mwepesi.

3. Sasa huo mgongo. Twiga hutoka kwenye gogo lililosimama, nyuzi zikipanda toka kwato hadi pembe. Shingoni na miguuni tezo limepita ubavuni mwa nyuzi. Mgongoni, utosini na tumboni limezikata. Uzi uliokatwa ni mrija ulioachwa mdomo wazi: unakunywa rangi bila kushiba. Kijana anaona mgongo umekoza, anaongeza shingoni ili zilingane. Rangi inachuruzika toka shingoni, mgongo unakunywa tena. Raundi ya tatu mistari imezama yote, basi anasiliba kiwi nyeusi na kumwita mpingo! Mteja anamwinua tu, anacheka: mpingo huzama majini, huyu mwepesi kama kikapu.

Kabla ya rangi, palipokatwa nyuzi pigeni msasa hadi 320, pakeni gundi nyeupe iliyozimuliwa, kipimo kimoja kwa maji kumi, ikauke, mguse kwa msasa uliochakaa. Anzeni kupaka chini mkipanda, maana tone likiangukia mti mkavu linaacha doa. Mgongo uwe wa mwisho, kwa kitambaa kilichokamuliwa, mfute baada ya dakika moja. Mipako miwili myepesi ni bora kuliko mmoja mzito.

Umeshaharibu? Futa kwa maji ya moto, ikigoma tia jiki (glovu, tafadhali, na mlango wazi), suuza sana, kesho rudi kwenye msasa.

4. Mafuta ya kitani (linseed), yale ya kumalizia, ni baada ya rangi kukauka usiku mzima. Ukiyatanguliza, rangi ya maji haizami tena. Matambara yake yatandazeni nje au myatie majini. Yakirundikwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka.

5. Rangi ikikauka hufubaa. Msiongeze! Mafuta yatairudisha. Ndiyo maana mnajaribu kwanza kwenye kipande cha gogo lilelile, rangi hadi mafuta. Si chini ya kwato, hata kama hapaonekani: pale nyuzi zimekatwa, patawadanganya.