Kabla ya kubonyeza End task

Windows ikianza kujikokota, wengi hufungua Task Manager na kuifunga programu iliyo juu kabisa. Kompyuta hupumua kidogo, kisha tatizo hurudi kwa sababu chanzo hakikuguswa. Ushauri wangu ni kutumia Process Explorer, programu ya bure ya Sysinternals inayotolewa na Microsoft. Haihitaji kusakinishwa: fungua faili la zip, bofya procexp64.exe kwa kitufe cha kulia na uchague Run as administrator. Usiruke hatua hiyo, la sivyo michakato mingi ya mfumo itaficha taarifa zake.

Tazama safu ya CPU kwa dakika moja au mbili, ila usisubiri kuona asilimia 100. Kwenye mashine ambayo Windows inaihesabu kuwa na kori 8, yaani vitengo vinane vya CPU vinavyofanya kazi sambamba, programu iliyokwama kwenye kazi isiyoisha mara nyingi hula kori moja tu, yaani asilimia 12.5. Namba hiyo isiposhuka huku hakuna unachofanya, hapo ndipo pa kuchimba. Mstari wa Interrupts, yaani muda ambao CPU inatumia kuitikia miito ya vifaa, ukibaki juu muda wote, usihangaike na programu. Kagua draiva (programu inayoendesha kifaa) au kifaa chenyewe.

Kwa kumbukumbu, fuata safu ya Private Bytes, yaani kumbukumbu ambayo programu imejitengea yenyewe. Ikiendelea kupanda saa baada ya saa bila kazi kuongezeka, programu inavuja: inachukua kumbukumbu bila kuirudisha. Kuifunga na kuifungua upya kutakupa nafuu ya muda tu, kwa hiyo tafuta toleo jipya lake.

Svchost.exe, mchakato wa Windows unaobeba huduma za mfumo, huwatisha watu bure. Kwa kawaida baba yake kwenye mti wa michakato, yaani aliyemwanzisha, ni services.exe, na faili lake liko C:\Windows\System32. Ukiweka kipanya juu yake utaona huduma anazobeba. Aliyejiita svchost lakini anaishi kwenye folda ya Temp, huyo mshuku. Washa Verify Image Signatures kwenye menyu ya Options, kisha Check VirusTotal.com, huduma ya mtandaoni inayolinganisha faili na injini nyingi za kukagua virusi. Kinachotumwa ni alama ya utambulisho ya faili, si faili lenyewe, mradi hujawasha Submit Unknown Executables. Injini moja au mbili zikilalamika kati ya sabini hivi, huenda ni kosa lao. Zikiwa ishirini, chukua hatua.

Na hatua yenyewe ina mpangilio wake. Programu hasidi nyingi huenda mbili mbili: ukiua moja, mwenzake anaifufua papo hapo. Zisimamishe zote kwanza kwa Suspend, ndipo uziue, kisha tumia Autoruns, programu nyingine ya Sysinternals, kuondoa kinachoziamsha kompyuta inapowaka. Usijaribu hayo kwa csrss.exe, mchakato muhimu wa Windows yenyewe. Ukiiua, Windows nzima inaanguka kwa skrini ya buluu.

Faili likikataa kufutwa kwa madai kwamba linatumika, andika jina lake kwenye menyu ya Find nawe utaonyeshwa programu iliyolishikilia. Ifunge hiyo programu kwa njia ya kawaida. Chaguo la Close Handle, la kukata handle (namba ya ndani ambayo programu hutumia kulishika faili), lipo, lakini naliogopa kwa sababu ya msingi: programu haijui kwamba imenyang'anywa faili. Namba hiyo hiyo inaweza kupewa faili jingine, na programu ikaandika data yake humo na kuliharibu.