Re: Kahawa tunalima sisi, mbona tunabaki maskini?
Ndugu, salamu kutoka Masaka. Umeuliza mbona Uganda inauza kahawa nyingi nje na mkulima bado maskini. Mi nalima robusta, aina moja ya kahawa, kwanza angalia unauza nini: ukiuza kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa bado na maganda yake, faida ya kukoboa anakula dalali, na huko juu ni vilevile, nchi inatoa kahawa karibu yote haijakaangwa, wa kukaanga na kupakiti wako Ulaya. Mpango wa mkoloni huo, uhuru wa 1962 haukuuvunja. Tena 1989 mfumo wa dunia wa nchi kugawana kiasi cha kahawa cha kuuza ulivunjika, bei ikaanguka vibaya sana. Sisi tunakusanya pamoja, tunakoboa ndo tunauza, na tafadhali usichukue pesa ya dalali kahawa ikiwa bado maua, wengi wananaswa hapo.