Kiwandani utafundishwa kola tu, shati lisomee mwenyewe

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia inbox, kamaliza kusomea cherehani, kaambiwa kuna kiwanda cha nguo bara kinachukua wasichana, aende au asiende? Jibu limekuwa refu, na najua mko wengi mnaotaka kutoka kwa jasho lenu, basi naliweka hapa mlisome nyote.

Nenda. Ila ujue kiwandani hushoni nguo, unashona kipande. Mimi nilipangwa kola. Zinakuja zimefungwa bando bando, unafungua, unapiga, unakata uzi, unamsogezea mwenzio anayeunga kwenye shati, na kila saa supavaiza anapita na daftari kuandika umetoa ngapi. Ukichelewa bando zinajaa mezani kwako na laini nzima inakutolea macho wewe. Chooni unaenda kwa ruhusa. Jioni mabega yanawaka moto na puani vumbi la kitambaa tupu.

Wapo pale walioshona mfuko miaka na miaka, wakitoka hawawezi kukata hata gauni la mtoto. Mimi nikila haraka, nakwenda kusimama kwa mama mmoja wa kukata namtazama anavyopanga patani kitambaa kisipotee. Nikaomba nitie mikono, supavaiza akanifokea mbele za watu, nikaomba tena mpaka akanipa. Leo nina cherehani zangu Mwanakwerekwe, Unguja, na mwezi huu tumekabidhi sare za skuli nzima, wallahi kila kola niliishika kwa mkono wangu. Waliosema nimekwenda bara kupotea na wapite waone. Kwa hiyo omba kubadilishwa kazi, ukinyimwa omba tena, usikubali kukaa kwenye kipande kimoja.

Halafu tazama milango na kuta za kiwanda. Msidhani haya ni maneno ya woga. Bangladesh, pale Savar karibu na Dhaka, jengo la Rana Plaza lilionesha nyufa, benki iliyokuwemo humo ikawaondoa watu wake, mafundi wa nguo wakaambiwa waingie kazini kesho yake, tarehe 24 Aprili 2013, likaporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Miezi michache nyuma yake, Novemba 2012, moto ulishaua zaidi ya 110 kwenye kiwanda cha Tazreen nchini humo humo. Wasichana kama sisi, wametoka vijijini kutafuta riziki. Mkataba wa usalama wa moto na majengo umekuja 2013 baada ya watu kwisha kufa, makampuni ya nguo yakasaini na vyama vya wafanyakazi. Basi mlango wa dharura ukiuona una kufuli usinyamaze, na usiende ofisini peke yako, jiunge na chama mwende wengi.

Na mkataba wako omba nakala, usome, ukae nayo. Mimi nilikatwa michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye mshahara, nilipofuatilia nikakuta kuna miezi haikupelekwa, nikienda ofisini naambiwa njoo kesho. Bado inaniuma, jasho langu lile. Wewe usingoje mpaka unaondoka, nenda NSSF ukaulize michango yako mapema, salio likipishana na slipu ya mshahara peleka slipu zako siku hiyo hiyo. Slipu zote weka, hata zilizofifia wino.