Rangi ya bango na ya tovuti hazifanani

SWALI: Tunauza mavazi Kariakoo. Rangi ya chungwa ya nembo yetu inang'aa kwenye tovuti, lakini kwenye bango imefifia, inakaribia kahawia. Mchapaji analaumu faili letu. Tufanyeje?

JIBU: Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, mashine ya kuchapa hutumia wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Chungwa kali ya skrini haipatikani kwa wino hizo, hivyo programu huweka iliyo karibu nayo. Kwa hiyo anzieni kwenye karatasi. Chagueni rangi katika kitabu cha sampuli cha Pantone, mfumo wa rangi zilizopewa namba, kisha andikeni kwenye ukurasa mmoja namba yake, asilimia za wino nne na msimbo wake wa tovuti. Kila mbunifu na mchapaji apewe ukurasa huo. Kabla ya kulipia bango zima, daini kipande cha majaribio kilichochapwa kwenye turubai ileile, mkitazame juani.

Nembo itumeni kama faili la SVG au PDF la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika. Ikipitia WhatsApp kama picha hubanwa, na kingo zake huchakaa ikikuzwa.

Kufanana kusiishie kwenye rangi: tangazo la mtandaoni likitaja punguzo la asilimia 20, anayebofya aikute ofa hiyo hiyo, kwa maneno yale yale, si ukurasa wa mwanzo wa tovuti.