Kuruta Wetu Ameumia: Maswali ya Walio Nyumbani

Barua nne zimetufikia kuhusu vijana walioumia wakiwa kwenye mafunzo ya awali ya jeshi. Tumeanza na ile isiyoweza kusubiri.

SWALI: Mchumba wangu amebakiza wiki 3 amalize mafunzo. Juzi alipopewa simu alinieleza kuwa kinena cha kulia kinamuuma. Kilianza kumuuma akikimbia tu, sasa kinamuuma hata akitembea, na usiku akijigeuza kitandani. Amenikataza nisimwambie mtu, maana akienda zahanati ataondolewa kwenye platuni yake. Nimtunzie siri?

JIBU: Hapana, dada. Siri hii usiitunze hata siku moja.

Kuruta anayekimbia na kubeba mzigo akilalamika kinena, anahesabiwa kuwa na ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja mpaka vipimo vikanushe. Shingo hiyo ni kipande kifupi ndani ya nyonga kinachoshika kichwa cha mfupa, na uzito wa mwili unapita hapo kwa mshazari. Ufa ukiwa upande wa juu wa shingo, kila hatua inauvuta upanuke, mpaka siku moja mfupa unaachana kabisa. Ukiachana, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika, kichwa kikafa, na kijana mdogo akahitaji nyonga ya bandia. Ufa huohuo ukikamatwa mapema, wa upande wa chini mara nyingi hupona kwa magongo na mapumziko, na wa upande wa juu hufungwa kwa skrubu kabla haujaachana.

Mwambie aende zahanati leo, asisubiri Jumatatu, na akifika asijikaushe. Aseme hivi: “Kinena kinauma nikikanyaga, kinauma usiku, kilianza tarehe fulani, na kinazidi.” Asijipime kwa kuruka na mguu mmoja, na asiukanyagie mguu huo mpaka aonwe. Ajue pia kwamba eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi haioneshi kitu. Ufa wa namna hii huonekana mapema kwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Akiambiwa eksirei ni safi na maumivu yapo palepale, arudi tena aseme vilevile.

Akikataa, piga simu chuoni umtafute ofisa wa zamu au kiongozi wa dini wa kikosi, umpe jina la kuruta, namba yake na maelezo hayo. Atakukasirikia. Vumilia hasira yake. Wiki 3 zinafidika, kwa kuwa majeshi mengi humhamishia majeruhi kwenye kundi la matibabu, kisha akaungana na kundi jingine akipona. Kichwa cha mfupa kilichokufa hakifidiki.

SWALI: Mwanangu aliingia mafunzoni akiwa mzima kabisa. Wiki ya 6 ameambiwa ana ufa kwenye ugoko na amehamishiwa kwa majeruhi. Hakuanguka wala hakupigwa. Mfupa wa kijana unapasukaje hivihivi? Barua zake sasa ni mistari mitatu mitatu. Nimwandikie nini?

JIBU: Mama, mwanao si dhaifu. Mfupa ni kitu hai. Ukipewa kazi mpya nzito, mwili kwanza unamega sehemu kuukuu, halafu unajenga mpya iliyo imara zaidi. Kumega ni kazi ya wiki chache, kujenga kunachukua miezi. Katikati hapo mfupa unakuwa mwepesi kuvunjika kuliko siku alipoingia getini, na ndiyo majuma ya kwata, mbio na mizigo. Misuli ikichoka haimezi tena kishindo cha buti, kishindo kinaishia kwenye mfupa. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1855, kabla eksirei haijavumbuliwa, daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aliandika kuhusu nyayo za askari zinazovimba na kuuma baada ya kutembea masafa marefu.

Ufa wa ugoko kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12, ule wa mifupa ya wayo wiki 4 hadi 8. Hatari kubwa iko kama wiki ya 4. Maumivu yamekwisha kwa sababu amepumzika, kijana anaona amepona, anaamka alfajiri akakimbie kwa siri. Mfupa bado laini. Ufa unafunguka na hesabu inaanza upya, safari hii ndefu zaidi.

Njia ya kurudi ina ngazi zake, na ukizijua utaelewa barua zake. Kwanza atembee bila maumivu, na mahali pa ufa pasiume pakibonyezwa kwa kidole. Kisha atembee haraka dakika 30 mfululizo. Ndipo aanze kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, arudie mara 5 au 6, siku moja akifanya na inayofuata akipumzika. Dakika za kukimbia zinaongezwa kidogokidogo. Kinachoongezwa kiwe kimoja kwa wakati mmoja: kwanza muda, baadaye mwendo, mwisho kabisa mzigo wa mgongoni. Pakiuma palepale penye ufa, iwe wakati wa mbio au asubuhi yake, anashuka ngazi moja. Misuli ikichoka mguu mzima hakuna neno. Kinachotisha ni maumivu ya mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole. Anayeyasimamia hayo ni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia wa kikosi, nasi hatumpi mwanao ratiba ya kujifanyia peke yake.

Sasa barua. Kijana huyu anakaa bwenini akisugua buti ambalo halivai, huku wenzake wa platuni wanapita dirishani wakiimba. Hilo linauma kuliko ugoko. Usimwandikie “jikaze, mwanangu”. Kwa mapenzi yote uliyo nayo, neno hilo yeye atalisoma kuwa “ficha maumivu”. Usimwandikie “rudi nyumbani” pia, kama hajalitaja mwenyewe. Usimuulize anamaliza lini, kwa sababu hajui. Muulize amefika ngazi gani, nani analala kitanda cha jirani, siku hizi amepangiwa kazi gani. Mpe habari za kawaida za nyumbani, hata ndogondogo. Andika mara nyingi, nusu ukurasa unatosha, na kila barua uipe namba juu, maana hufika zikiwa zimepitana. Mwambie waziwazi kwamba akimaliza na kundi la baadaye heshima yake kwako ni ileile. Makuruta wengi huficha maumivu kwa kuwaogopa watu wa nyumbani kuliko wanavyomwogopa mkufunzi.

Akiandika kwamba hana faida tena au ni afadhali asiwepo, usijibu kwa barua. Piga simu kikosini siku hiyohiyo.

SWALI: Nataka kumpelekea mwanangu ibuprofeni na vidonge vya kalsiamu ili mfupa uunge haraka. Nipeleke kiasi gani?

JIBU: Usipeleke, mzee wetu. Dawa zisizoandikwa na zahanati ya kikosi kwa kawaida hunyang’anywa, naye anaweza kuadhibiwa. Zaidi ya hapo, ibuprofeni na diklofenaki hufunika maumivu, na maumivu ndiyo kipimo chake cha kujua kama amezidisha. Tena zimeshukiwa kuchelewesha mfupa kuunga. Akihitaji kitu, daktari wake atachagua.

Kalsiamu ni miligramu 1,000 kwa siku kwa aliyefikisha miaka 19, na 1,300 akiwa chini ya hapo, na sehemu kubwa inapatikana kwenye chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa makuruta wa kike wa jeshi la majini la Marekani ulionesha kuwa miligramu 2,000 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D kila siku zilipunguza nyufa kwa takriban asilimia 20. Hiyo ni kinga, haiharakishi ufa uliokwisha kutokea. Cha kumhimiza ni ale ashibe. Majeruhi wengi hupunguza chakula wakihofia kunenepa, kumbe mfupa unaojijenga unadai nguvu na protini. Na kama anavuta sigara, aache. Sigara huchelewesha mfupa kuunga.

SWALI: Mdogo wangu wa kike alitegua kifundo cha mguu, kano zimechanika, amepewa ruhusa ya wiki 2 nyumbani akiwa na magongo ya kwapani. Kwapa zinamuuma na vidole vya mkono vinakufa ganzi.

JIBU: Magongo ni marefu mno, au anayaegemea kwa kwapa, na mshipa wa fahamu unabanwa. Msimamishe wima akiwa na kiatu: juu ya gongo pabaki nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, mshiko uwe usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, na kisugudi (kiungo cha katikati ya mkono) kijikunje kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Ganzi isipotoka siku 2 baada ya kurekebisha, arudishwe kwa daktari.

Kwenye ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, kisha mbovu na magongo; akishuka atangulize magongo na mguu mbovu. Simama ngazi moja chini yake, akipanda na akishuka. Akiketi, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kama daktari ameruhusu, mara kadhaa kwa siku aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu ili kifundo kisikakamae. Mguu upande wa nyuma, chini ya goti, ukivimba, ukawa na joto na kuuma ukishikwa, au akibanwa kifua ghafla, mkimbize hospitali, huenda damu imeganda. Na angalia mpira wa chini ya gongo kila asubuhi. Ukilika ukawa laini, badilisha kabla hajaingia bafuni.