Programu za Debian 12 ni za zamani: niongeze hazina ya Sid?

Ndugu, umesema LibreOffice yako (programu za ofisi) kwenye Debian 12 (mfumo wa Linux) imeganda kwenye toleo la 7.4, na kuna aliyekushauri uongeze hazina ya Sid (ghala la programu za Debian zinazoendelea kutengenezwa) ili upate jipya. Tafadhali usifanye hivyo. Ukichanganya hazina, apt (chombo cha kusakinisha programu) itavuta libc mpya, maktaba ambayo karibu programu zote huitegemea, na mamia ya vifurushi nyuma yake, na kurudi ulikotoka ni kazi ngumu mno.

Namba ya zamani haimaanishi programu imetelekezwa. Debian hugandisha matoleo kabla ya kutoa mfumo, kisha huchukua kiraka cha usalama peke yake na kukitia kwenye toleo lile lile. Mwaka 2014, tundu la usalama la Heartbleed lilipogunduliwa kwenye OpenSSL (programu ya kusimba mawasiliano ya mtandao), waundaji wake walitoa 1.0.1g. Debian 7 ilibaki na 1.0.1e, lakini mwishoni mwa namba pakaongezwa deb7u5, na tundu likawa limezibwa. Kwa hiyo soma namba yote, mpaka mkiani. Andika `apt changelog` na jina la kifurushi, utaona viraka vilivyotiwa.

Kama kuna kitu kipya unachokihitaji kweli, washa bookworm-backports (hazina ya matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa ajili ya Debian 12, yaani bookworm), kisha:

`sudo apt install -t bookworm-backports libreoffice`

Flatpak (programu iliyofungwa pamoja na maktaba zake) kutoka ghala la Flathub nayo ni salama kwa mfumo wako, ila hula diski zaidi. Kivinjari usikihofie: Firefox ESR (toleo la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu) husasishwa ndani ya Debian hiyo hiyo.