Maswali ya Wasomaji: Kula na Kunywa Kwenye Mtaa Unaovuma

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mitaa ya mjini ambako kila mwezi hufunguliwa mgahawa au baa mpya, na namna ya kutofautisha penye upishi na penye mapambo tu.

SWALI: Nitapata jioni moja tu kwenye mtaa ambao kila mlango ni wa chakula au kinywaji. Nianzie wapi nisije nikajutia hela yangu?

Anza mchana, njaa haijakushika. Pita mtaa mzima kwa miguu saa tisa au saa kumi, usome menyu zilizobandikwa nje. Hesabu vyakula vikuu. Jiko la wapishi 3 au 4 linamudu vyakula 8 hadi 12 vikiwa vizuri. Ukikuta 60, tena vya mataifa matano, basi vingi vinatoka kwenye friza na kupashwa moto, kwa sababu hakuna jiko dogo linaloweza kuweka malighafi mbichi ya vyakula vyote hivyo bila kuishia kuitupa. Na kwenye mitaa hii majiko huwa madogo kweli: pango ni ghali, kila mita ya mraba inayopewa jiko inanyimwa meza.

Kisha nusa. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka hutoa harufu kali inayokwaruza koo, nayo hufika hadi barabarani. Chakula kilichopikwa humo huwa cheusi nje kabla ya kuiva ndani.

Foleni isikutie wazimu. Chungulia walioketi: wangapi wana chakula mbele yao? Meza nyingi zikiwa na glasi tupu na macho yameelekezwa jikoni, jiko limezidiwa, na wewe utasubiri zaidi yao. Kama una hiari ya siku, chagua Jumanne hadi Alhamisi, ufike nusu saa baada ya kufunguliwa. Mpishi yuleyule hupika vizuri zaidi akiwa na oda 10 kuliko akiwa na 50.

Ukishaketi, muulize mhudumu: “Leo kuna nini ambacho wewe ungekula?” Anayetaja chakula kimoja na kueleza sababu amekionja. Anayesema vyote ni vitamu hajakusaidia.

SWALI: Je, nyota za Michelin zinapima uzuri wa mahali?

Hapana, zinapima chakula. Hutolewa na kitabu cha mwongozo cha Michelin, kampuni ya matairi, kilichoanza Ufaransa mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari; nyota zenyewe zikaanza 1926. Viti, taa na mandhari havihesabiwi. Anayetaka chakula kizuri kwa bei ya wastani atafute alama nyingine ya kitabu hichohicho, Bib Gourmand, iliyoanza 1997. Kwa matembezi ya jioni tunaiona ina manufaa kuliko nyota.

SWALI: Nalipa hela nyingi kwa kahawa ya espreso, halafu naipata chungu kama dawa. Tatizo ni kahawa au mashine?

Mara nyingi ni mkono. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 hivi za kinywaji, ndani ya sekunde 25 hadi 30, kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Unga ukisagwa laini mno, maji hupita kwa shida, hukaa muda mrefu na kukamua hata uchungu. Ukiwa wa chenga kubwa, maji hupita mbio na kahawa huwa kali ya uchachu, nyepesi mdomoni. Ndiyo maana mtengenezaji makini hurekebisha kinu asubuhi na tena mchana, kwa sababu hali ya hewa na umri wa buni hubadilisha mwendo wa maji.

Unaweza kukagua ukiwa kaunta bila kuuliza neno. Je, ana mizani? Kikasha cha buni kimeganda mafuta ya kahawia kwenye kuta? Mafuta hayo yameshachacha na yanatia ladha kila kikombe. Bomba la mvuke linafutwa na kupulizwa kila baada ya maziwa? Maziwa yenyewe yanatakiwa yafike nyuzi 60 hadi 65. Yakivuka 70 utamu hupotea na harufu ya kuungua hubaki. Ukisikia birika la maziwa likipiga yowe kali muda wote, povu halitakuwa laini.

SWALI: Bia ya pipa mahali pamoja ilikuwa na ladha kama ya siagi, pengine kama siki. Imeharibika?

Pipa huenda ni zima. Wanaoharibu ni bakteria wanaojijenga ndani ya mipira inayoleta bia kaunta, isiposafishwa kwa dawa kila baada ya wiki 2. Baa yenye bomba 30 na wateja wachache ina hatari zaidi, kwani bia hulala ndani ya mipira. Agiza ile inayotoka kwa wingi. Tazama na glasi: viputo vikinata ukutani kuna mafuta au sabuni, ikiwa safi, povu huacha pete kila unapopiga funda. Mwombe mhudumu akubadilishie, si ukorofi.

SWALI: Vipi chakula cha kujipakulia kilichokaa mezani tangu mchana?

Cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, cha baridi kisizidi 5. Kati ya hapo bakteria huzaliana haraka, na muda wa saa 2 ndio mwisho. Wali ni wa kuogopwa kuliko unavyodhani: mbegu za bakteria waitwao Bacillus cereus hustahimili kuchemka, na sumu wanayoacha bakteria hao haiondoki kwa kupasha moto. Sahani isiyotoa mvuke, iache.

SWALI: Meza zote zimeshachukuliwa. Nifanyeje?

Uliza viti vya kaunta. Sehemu nyingi haziviwekei nafasi mapema, na watu wawili huingia kirahisi. Ukipata meza, uliza inahitajika tena saa ngapi, kwa sababu nyingi hutolewa kwa dakika 90 au saa 2. Bili ikija, soma mistari ya chini kabla ya kuongeza bahashishi: tozo ya huduma ikiwa imeshawekwa, umeshalipa.